Mama, rudisha hicho kisu kwenye mkoba: sheria ya visu Uingereza kwa mgeni anayetoka kwetu

Mama yangu alikuja Birmingham mwaka juzi kunitembelea, siku ya tatu nikampeleka mjini kwa basi, tukakaa ghorofa ya juu mbele kabisa maana alitaka kuona mji vizuri. Tumefika nusu ya njia namuona anafungua mkoba, anatoa kitambaa, anakikunjua taratibu, ndani kuna kisu. Kile kisu cha machungwa mnakijua, mpini wa mbao umefungwa waya, bapa limenolewa miaka na miaka mpaka limebaki jembamba kama kidole cha mwisho. Akaanza kumenya chungwa pale pale, ganda linashuka mzunguko mmoja bila kukatika huku ananiambia machungwa ya huku ni maji matupu, aliyekulia Muheza hawezi kuyaita machungwa. Mimi jasho limeshanitoka.

"Mama, rudisha hicho kisu."

"Kwani nimekiiba?"

Hakukiiba, alikuja nacho kwenye begi kubwa kutoka Tanga na ndege ilikibeba bila tatizo lolote. Ila pale kwenye basi, kwa sheria ya Uingereza, mama yangu wa miaka 67 alikuwa ameshika kitu ambacho kosa lake lina kifungo cha mpaka miaka 4. Sisemi wangemfunga, mzee na chungwa lake, hapana, ila kosa lenyewe lilikuwa limeshakaa mkao wa kuwa kosa na kazi ya kujitetea ingekuwa yake yeye. Tangu siku ile kila nikisikia mtu wa nyumbani anakuja huku namwambia habari za visu kabla sijamwambia habari za baridi, na nimegundua watu wengi wamebeba nusu ya habari, mmoja anakwambia "Uingereza visu marufuku kabisa", mwingine anakwambia "chini ya inchi 3 ruksa", na wote wawili wanaweza kukuingiza matatani.

Tuanze na yenyewe. Sheria inayogusa watu wengi kwa England na Wales ni ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inasema ni kosa kuwa na kitu chenye bapa la kukata au ncha kali mahali pa umma. Basi. Haisemi lazima uwe umemtishia mtu, haisemi lazima uwe umekitoa nje, kuwa nacho tu inatosha. Na mahali pa umma sio barabarani peke yake, ni popote ambapo watu wanaruhusiwa kuingia hata kama ni kwa kulipa, kwa hiyo basi, treni, duka, bustani, uwanja wa mpira, baa, zote zimo. Gari lako likiwa barabarani nalo sio nyumbani kwako, kisu kikiwa kwenye droo ya mbele ya gari ni kama kiko mfukoni.

Halafu ndo linakuja lile la inchi 3. Kuna kisu kimoja tu ambacho unaweza kutembea nacho bila kuulizwa sababu, nacho ni kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Chukua kadi yako ya benki, urefu wake ni sentimita 8.56, kwa hiyo makali yanatakiwa yawe mafupi kuliko kadi kwa karibu sentimita moja nzima. Wengi wanaishia hapo, wanasikia inchi 3 wanafunga masikio, wakati neno zito kwenye ile sentensi ni kukunja, namba inakuja baadaye.

Kisu cha mama nilikipima usiku ule, makali yake inchi 2 na nusu hivi. Kifupi kabisa. Lakini hakikunjwi! Kimesimama hivyo hivyo na mpini wake, kwa hiyo ule msamaha haukihusu hata kidogo, hata kingekuwa na nusu inchi. Unaona ilivyo, kisu cha kukunja cha inchi 3 kiko salama mfukoni, kijikisu cha kumenyea viazi cha inchi 2 sio salama.

Na hata kukunja kwenyewe kuna maana yake. Mwaka 1993 kulikuwa na kesi, Harris, mahakama kuu ikasema kisu cha kukunja maana yake ni kile unachoweza kukikunja muda wowote kwa kukisukuma tu, kwa hiyo kisu chenye loki, kile ambacho ukikifungua kinajifunga mpaka ubonyeze kitu ndo kirudi, hicho kwa macho ya sheria sio kisu cha kukunja. Kinahesabiwa sawa na kisu kilichosimama. Sasa fikiria watu wangapi wana kile chombo cha Leatherman chenye koleo na bisibisi na kisu humo humo, watu wa safari, madereva wa watalii Arusha, mafundi, kile matoleo yake mengi yana loki. Visu vya Uswisi vile vidogo vyekundu vya kawaida havina loki, ila yale matoleo makubwa yana. Kabla hujafunga begi fungua kisu chako, jaribu kukirudisha bila kubonyeza chochote, kikigoma ujue hicho hakitembei mtaani Uingereza bila sababu.

Eti hata kisu cha siagi. Mwaka 2005 mtu alikamatwa na kisu cha siagi kile butu, akajitetea kwamba hakina makali wala ncha, mahakama ikasema bapa ni bapa. Mi nilivyosoma hiyo kesi nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Bisibisi kwa upande mwingine ilishaamuliwa mwaka 1998 kwamba sio kitu chenye bapa, japo usikimbilie kufurahi maana ina sheria nyingine inaisubiri, nitaifikia.

Sasa kwa visu vyote vingine ambavyo sio kile kidogo cha kukunja, sheria haikukatazi moja kwa moja, inakuuliza kwa nini unacho hapa, leo, saa hii. Inaitwa sababu ya msingi. Na hapa ndo mgeni anapotakiwa kuelewa vizuri kwa sababu mambo yamegeuzwa, kwa kawaida tumezoea serikali ndo ithibitishe kwamba una hatia, kwenye hili wakishathibitisha tu kwamba ulikuwa nacho hadharani mzigo unahamia kwako, wewe ndo uonyeshe kwamba ina uwezekano mkubwa kuliko vinginevyo kwamba sababu yako ni ya kweli. Sheria yenyewe imetaja sababu tatu kwa jina, kazi, dini, na vazi la taifa, lakini sio hizo tu, nyingine yoyote ya maana mahakama inaweza kuikubali kulingana na mazingira.

Mfano mzuri ni kisu kipya. Umeingia supamaketi, umenunua kisu cha jikoni, kiko kwenye boksi lake halijafunguliwa, risiti iko mfukoni, unaelekea nyumbani. Hiyo ni sababu. Ukipita nacho baa ukakaa masaa matatu halafu ukaenda kumtembelea rafiki saa tano usiku sababu inaanza kuyeyuka, kisu ni kile kile, boksi lile lile, ila maelezo yako sasa yana matobo. Mpishi anayetoka kazini na visu vyake vimeviringishwa kwenye kitambaa yuko sawa, mpishi huyo huyo Jumapili kwenye sherehe hayuko sawa.

Na hapo kwenye kazi kuna shimo ambalo sijaona watu wakilizungumza. Mtu umekuja kwa viza ya matembezi, viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, polisi anakuuliza kisu cha nini, wewe kwa kutaka kujiokoa unasema namsaidia ndugu yangu jikoni kwenye mgahawa wake. Umejiokoa kwenye kisu umejizika kwenye uhamiaji. Bora useme ukweli wako hata kama ni mdogo.

Nimesikia watu wakiulizana hili swali vikaoni, ukikutwa na kisu useme nini, na karibu kila mtu wa kwetu jibu la kwanza linalomtoka ni "najilinda". Nairobi au Dar ukimwambia askari natembea usiku sehemu mbaya nimebeba kitu cha kujilinda anaweza akakusumbua, akakuomba hela ya soda, lakini kimoyomoyo anakuelewa. Uingereza hilo ndo jibu baya kuliko yote, afadhali ukae kimya. Kuna sheria nyingine ya zamani zaidi, ya 1953, inayohusu silaha, na kwa sheria hiyo kitu chochote kinaweza kuwa silaha ukikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, bisibisi, chupa, uma, funguo. Ukisema nimebeba kisu ili mtu akinivamia nimchome umeshataja nia kwa mdomo wako mwenyewe. Na kibaya zaidi, hata kile kisu kidogo cha kukunja ambacho kilikuwa halali kabisa dakika moja iliyopita, hilo neno lako moja linakigeuza silaha, maana ule msamaha wa inchi 3 uko kwenye sheria ya 1988, kwenye hii ya 1953 haupo. Kuogopa tu kwa jumla kwamba mji una vibaka sio kisingizio kinachokubalika.

Jibu la pili ni "nilisahau kama kimo". Hili nalo wengi wanalisema na wengi wanakuwa wanasema kweli, mabegi yetu mnayajua, mtu anabeba begi la shambani anakuja nalo Ulaya. Mwaka huo huo wa 1993 kuna bwana alikuwa na kisu cha kazi akasahau kukitoa, siku kadhaa zikapita akakutwa nacho, majaji wakasema kusahau peke yake sio sababu ya msingi. Kesi za baadaye zimelainisha kidogo, kwamba kusahau kukiungana na sababu nyingine ya maana mahakama inaweza kuipima, ila usipange maisha yako juu ya hilo. Kagua begi kabla ya kutoka.

Ukiacha hayo kuna mambo ya dini na mavazi, haya kwangu ndo matamu zaidi. Masingasinga waliobatizwa wanavaa kirpan, kile kijambia chao, na sheria inawatambua. Waskochi wakivaa sketi zao wanachomeka kisu kidogo kwenye soksi ya mguu, kinaitwa sgian dubh, ni sehemu ya vazi, hakuna anayewasumbua harusini. Sasa wenzetu wa Unguja na Mombasa wenye asili ya Oman, na Waomani wenyewe wanaokuja huku, wana jambia, lile la kiunoni lenye mpini wa fedha, bwana harusi hakamiliki bila hilo. Kwa maandishi ya sheria utetezi wa vazi la taifa unamhusu kama alivyo Mskochi. Ila angalia, utetezi ni wa vazi, kwa hiyo uwe umevaa kanzu na mkanda na kilemba na unaenda shughulini, ukiwa na jinsi na jaketi halafu jambia liko kwenye mfuko wa plastiki utakuwa unaeleza habari nyingine. Watu wenye akili wanalipeleka ukumbini ndani ya boksi kwenye buti ya gari, wanavaa pale pale, wanavua pale pale.

Je, Mmasai na sime yake? Swali zuri, Dar unawaona walinzi wa Kimasai mtaani sime iko kiunoni kwenye ala nyekundu na hakuna mtu anageuza shingo. Kwa hoja unaweza ukasema ni vazi la asili. Mimi nisingejaribu. Sheria imesema vazi la taifa, na wewe utakuwa umesimama mbele ya mahakimu ambao hawajawahi kuona sime zaidi ya kwenye kipindi cha wanyama, unawaeleza tofauti ya kabila na taifa huku upanga wenye makali pande mbili uko mezani na karatasi ya ushahidi imening'inia. Na rungu vile vile, halina makali lakini ile sheria ya 1953 haihitaji makali.

Mpaka hapa tumeongelea kubeba tu. Kuna kundi lingine la vitu ambavyo hata kuviingiza nchini ni kosa, na tangu tarehe 14 Julai 2021 vingi vyake hata kuwa navyo ndani ya nyumba yako ni kosa. Kisu cha springi, kile unabonyeza kinaruka, hicho kimepigwa marufuku kuuzwa tangu 1959. Kisu cha kipepeo. Visu vilivyojificha ndani ya kitu kingine, kalamu, laita, mkanda. Vyuma vya kuvaa vidoleni vya kupigia ngumi. Na bakora yenye upanga ndani, hii naitaja kwa makusudi maana wazee wetu wa pwani wanapenda bakora na kuna zile za urembo ukivuta kichwa linatoka bapa, mtu anamnunulia mkwe zawadi, zawadi gani hiyo, unamletea mkwe kesi. Panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na kuendelea zimekatazwa tangu 2008, ukiacha mambo ya dini, maigizo ya matukio ya kihistoria na zile zilizotengenezwa kwa mkono kwa njia ya jadi.

Na orodha inaongezeka. Tarehe 24 Septemba 2024 waliongeza visu na mapanga ya mtindo wa zombi, yaani bapa zaidi ya inchi 8, ncha kali, halafu liwe na madoido kama meno ya msumeno, matobo zaidi ya moja, miiba au ncha zaidi ya mbili. Tarehe 1 Agosti 2025 wakaongeza panga za ninja, na hii ina historia ya kuumiza, kijana wa miaka 16, Ronan Kanda, aliuawa Wolverhampton mwaka 2022 karibu na kwao kwa panga la namna hiyo lililonunuliwa mtandaoni, na familia yake ndo ilisukuma mpaka sheria ikabadilika. Huku sheria za visu nyingi zina jina la mtoto au mwalimu nyuma yake. Mwaka 1995 mwalimu mkuu Philip Lawrence alichomwa kisu nje ya shule yake London akijaribu kumuokoa mwanafunzi, mwaka uliofuata adhabu zikapanda. Ukijua hilo unaelewa kwa nini polisi hacheki na wewe unapomwambia ni kakisu tu.

Panga letu la kawaida la shambani, lile la kufyekea, halina meno wala matobo, kwa hiyo haliko kwenye katazo la 2024 na kuwa nalo nyumbani sio kosa. Ila kutembea nalo barabarani ni habari ya kifungu cha 139 kama kawaida, na kwetu panga liko kwenye keria ya baiskeli asubuhi asubuhi hakuna hata anayekuangalia. Hapa watu watapiga simu 999 kabla hujafika kona.

Dada zangu, hili la pembeni kidogo lakini lazima niseme. Sprei ya pilipili. Najua wengi mnayo kwenye mkoba, Nairobi inauzwa kawaida tu. Uingereza ile iko kwenye sheria ya bunduki ya mwaka 1968, ndio, ya bunduki, ni silaha iliyokatazwa, na hakuna cha sababu ya msingi pale. Iache nyumbani.

Tuje kwenye safari yenyewe. Kwenye ndege begi la mkononi visu viache, viwanja vya Uingereza vinakataa kisu chenye ncha au makali au bapa linalozidi sentimita 6, mikasi midogo ambayo bapa lake halizidi hapo inapita. Wengine wanachanganya hii sentimita 6 na ile inchi 3, hazihusiani, moja ni ya ndege moja ni ya mtaani. Kisu cha jikoni cha kawaida kikiwa kwenye begi kubwa linaloshushwa chini hakuna shida. Kifunge vizuri, gazeti, gundi ya karatasi, kizame katikati ya nguo, asije akakatwa mtu anayekagua.

Halafu mbuzi. Mama alikuja na mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma una meno mbele, sasa jiulize hicho ni nini mbele ya sheria? Kina chuma chenye meno makali, kinakunjwa, ila sio kukunjwa kule. Kilipita kwenye skana ya uwanjani na kikafika, jamaa wa forodha aliuliza tu hiki ni kiti? Mama akakaa kumuonyesha. Kutoka uwanja wa ndege mpaka nyumbani kikiwa ndani ya sanduku lililofungwa na tiketi ya ndege bado iko mfukoni sababu yako inajieleza yenyewe, umesafiri, unahamisha vyombo. Wiki mbili baadaye ukitaka kukipeleka kwa shoga yako mtaa wa tano kwa miguu kukuna nazi ya pilau, kifunge, kiweke kwenye begi, nenda moja kwa moja urudi moja kwa moja. Ndivyo tulivyofanya.

Kununua huku, lazima uwe na miaka 18 kwa England na Wales, na keshia akikuona sura changa atakuomba kitambulisho hata kama una ndevu, kwa hiyo usikasirike, toa pasi. Visu vidogo vya kukunja vya inchi 3 havimo kwenye hilo katazo la umri kisheria japo duka linaweza kugoma lenyewe.

Ukisimamishwa. Polisi anaweza kukupekua akiwa na sababu ya maana ya kukushuku, hiyo ni sheria ya 1984, na kuna kifungu cha 60 cha sheria ya 1994 ambacho wakikitangaza eneo fulani kwa muda fulani wanaweza kumpekua yeyote bila kumshuku kwa lolote. Kimetumika kwenye kanivali ya Notting Hill mwezi wa nane, na wageni wengi wanaenda pale. Anatakiwa akwambie anatoka kituo gani, anatafuta nini, kwa sheria gani, na una haki ya kupata nakala ya rekodi ya upekuzi. Hadharani hawezi kukuvua zaidi ya koti, jaketi na glavu. Kwa upekuzi tu hulazimiki kutaja jina. Usimshike mkono, usitie mkono mfukoni ghafla eti unamuonyesha, kama unacho mwambie kiko wapi na muache akitoe yeye.

Wakikuchukua mpaka kituoni una haki ya wakili bure, wakili wa zamu, sio lazima uwe raia wala uwe na hela. Mkalimani bure pia, na omba hata kama Kiingereza chako kizuri, maana neno moja kama "protection" likikuponyoka vibaya umeshaona linafanya nini. Unaweza kuomba ubalozi wako ujulishwe. Na la kuangalia sana ni ile kitu wanaiita kosheni, onyo la polisi, unaambiwa kubali, saini hapa, nenda nyumbani leo leo. Inavutia, mtu umechoka, ndege yako kesho. Ila huwezi kupewa bila kukiri kosa, na inakaa kwenye rekodi, na siku ukiomba viza tena fomu inauliza kama umewahi kupata onyo au hukumu nchi yoyote. Kwa mgeni wa matembezi hata adhabu isiyo ya kifungo inaweza kukufungia mlango kwa mwaka mzima. Ongea na wakili kwanza ndo usaini. Anayekutwa na kosa hilo hilo mara ya pili akiwa mtu mzima, tangu 2015 mahakama inatakiwa kuanzia miezi 6 jela, na siku hizi isipokuwa tu kuwe na mazingira ya kipekee kabisa.

Scotland wana sheria yao, inafanana sana, msamaha wa kisu cha kukunja ni ule ule wa inchi 3 ila kifungo cha juu ni miaka 5. Ukivuka kwenda Ujerumani hesabu inabadilika kabisa, kule kisu kilichosimama kinaruhusiwa mpaka sentimita 12 lakini kisu cha loki kinachofunguka kwa mkono mmoja ndo tatizo, na baada ya shambulio la kisu kwenye mji wa Solingen la Agosti 2024 wakakataza visu kwenye sherehe za hadhara na treni za masafa marefu. Japani wao ni kosa kubeba kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu. Kwa hiyo mtu anayezunguka nchi tatu na kisu kimoja mfukoni anazunguka na sheria tatu, mi ningemshauri anunue matunda yaliyokatwa.

Chungwa la kwenye basi lilimalizikia mkononi mwangu, nikakiviringisha kile kisu kwenye kitambaa nikakizamisha chini ya mkoba, tukashuka kituo kinachofuata tukarudi nyumbani kwa teksi, pauni 14 zikaenda. Siku zote zilizobaki alikuwa anamenyea jikoni, anapanga vipande kwenye kontena la plastiki na chumvi na pilipili kwa juu, tunakula bustanini. Alipokuwa anaondoka akataka seti ya visu sita vya jikoni ampelekee dada yangu, nikamnunulia, nikamwambia boksi lisifunguliwe na risiti iwe ndani ya begi kubwa. Akaniuliza na kule Tanga kushuka stendi na visu sita wataniuliza? Nikamwambia mama, kule watakuuliza bei.